Kuseti spana ya toki si kuifanyia kalibresheni

Nimeisikia tena wiki hii. Mtu kachuchumaa kwenye tairi, kazungusha mpini wa spana ya toki hadi 110, kisha anamwambia mwenzake, "Nimeshaikalibreti, kaza tu." Hapana. Alichofanya ni kuiseti.

Toki ni nguvu ya kuzungusha: nguvu ya mkono mara umbali kutoka katikati ya nati hadi mkono ulipo. Hupimwa kwa nyutoni mita. Spana hii hulia "tak" ukifikia kiwango ulichoseti. Nati za ringi za magari mengi madogo hutaka kati ya 90 na 120; ya kwako itazame kwenye kitabu cha gari lako.

Ila hili neno kalibresheni lina asili ambayo sisi hatuna sababu ya kuipotosha. Kiini chake hufuatiliwa hadi kwenye Kiarabu, qalib, yaani umbo la kumiminia. Kiswahili kililichukua zamani: kalibu ndicho chombo ambacho mhunzi humiminia madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo. Ulaya likawa kalibri, upana wa tundu la mtutu wa bunduki, na kutoka hapo likazaa kitendo cha kupima chombo kwa kukilinganisha na kipimo kinachoaminika. Kwa hiyo limeturudia kwa mlango wa nyuma, na maana yake ya msingi haijapotea: kuna kitu cha nje, kinachojulikana, ambacho chako kinalinganishwa nacho. Wapo wanaoiita ugezi, nalo ni neno zuri. Ukizungusha mpini, unailinganisha spana na nini? Na namba zake yenyewe tu.

Kosa la pili ni la wale wanaodhani kalibresheni ni kukaza au kulegeza springi ya ndani. Huko ni kurekebisha. Kalibresheni yenyewe haigusi skrubu hata moja: unapima, unaandika tofauti, basi. Ukirekebisha, inabidi upime upya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinairuhusu spana ya kuseti inayozidi nyutoni mita 10 ikosee kwa asilimia 4, juu au chini. Kama huna ratiba yako, kinasema ipimwe tena baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, lolote litakalotangulia.

Nyumbani unaweza kuikagua. Niliibana ncha ya mraba ya spana yangu kwenye jiliwa, mpini ukalala sawa na sakafu, nikaning'iniza kilo 10 taratibu, nusu mita kutoka katikati ya ile ncha. Hiyo ni nyutoni mita 49. Spana yenyewe nayo ina uzito. Yangu iliongeza kama 3, jumla 52. Niliiseti 50, ikalia, sawa. Nikapandisha kidogo kidogo, nikiinua mzigo na kuushusha upya kila mara. Ilipaswa kunyamaza ikipita 54 hivi, yaani 52 na ile asilimia 4 juu yake. Ikaendelea kulia hadi 58. Yaani niliposoma 58, nati ilikuwa inapata 52, pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Nilikuwa nimeiacha imesetiwa juu kabisa tangu kazi ya mwisho, springi imebanwa miezi yote hiyo. Siku hizi nikimaliza naishusha hadi namba ya chini kwenye skeli yake, siipitishi hapo, na silegezei nati kwayo. Kulegeza kuna spana nyingine.

Hata hilo nililofanya naliita ukaguzi. Uzito mmoja umenipa nukta moja, na haunihakikishii kosa lake likoje kwenye 110. Maabara huipima kwenye asilimia 20, 60 na 100 ya uwezo wake, mara kadhaa kila nukta, kwa kifaa ambacho nacho kimelinganishwa na kingine bora zaidi.

Basi ndugu yangu, ukiwa umechuchumaa pale kwenye tairi, mwambie mwenzako, "Nimeiseti 110." Akikuuliza kama ina kalibresheni, mtajie tarehe iliyopimwa mara ya mwisho na ilikuwa inakosea kwa kiasi gani.