Ampu ya gitaa inavuma? Anza kutafuta nje ya boksi

Kati ya ampu za gitaa, yaani amplifaya, zinazoletwa mezani kwangu kwa kosa la kuvuma, nyingi hazina kosa lolote. Naichomeka hapa karakana, napiga gitaa la hapa kwa waya wa hapa, imetulia tuli. Mvumo umebaki kule ilikotoka: kwenye soketi ya ukumbi, kwenye adapta ya pedali (vile visanduku vya miguuni vya kubadili sauti), au kwenye waya wa bei ya kutupa. Kwa hiyo kabla hujaipakia kwenye bajaji, keti nayo kwanza uisikilize, maana aina ya mvumo inakueleza mengi kuhusu unakotoka.

Umeme wetu, Tanzania na Kenya pia, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, yaani Hezi 50. Mvumo uliorukia kwenye gitaa au kwenye waya kutoka kwenye transfoma iliyo karibu huwa wa Hezi hizo hizo: mzito, laini, wa chini kiasi kwamba spika ndogo haiutoi vizuri. Ndani ya ampu, umeme ukishapita kwenye diodi za kuugeuza kuwa wa mkondo mmoja, kila mzunguko unaacha vilima viwili, na mabaki yake yanasikika kama Hezi 100. Huo uko juu zaidi na unakereketa kidogo. Hezi 50 na Hezi 100 zote zinaangukia kwenye noti ya G iliyopanda kama theluthi ya nusu-toni. Piga G ya freti ya tatu kwenye uzi mnene wa sita, ambayo ni Hezi 98, kisha sikiliza mvumo. Vikikaribiana sana, una mvumo wa Hezi 100. Ukiwa oktavu moja chini yake, ni wa 50. Tyuna ya kwenye simu nayo itakuonyesha ukiisogeza mbele ya spika. Video za Marekani zitakuambia uitafute kati ya B bemoli na B, kwa kuwa kule umeme ni wa Hezi 60. Kwa hilo usizifuate.

Baada ya hapo ni kazi ya kupunguza. Chomoa kila kitu kwenye ampu, ibaki na waya wake wa umeme tu. Ikivuma hivyo hivyo bila chochote mbele yake, tatizo ni la ampu au la soketi. Ikinyamaza, chomeka waya wa gitaa pekee, halafu gitaa, halafu pedali moja moja, ukisikiliza kila hatua. Najua inachosha, hasa dakika ishirini kabla ya shoo, na ndiyo maana watu huanza kwa kuchezea kila kitufe kwa wakati mmoja. Mwishowe mvumo unapungua na hakuna anayejua kwa nini, kisha Jumamosi inayofuata umerudi.

Kwenye waya kuna kosa moja ninalokutana nalo sana makanisani. Waya wa spika na waya wa gitaa vyote vina jeki ile ile ya robo inchi, na kwa macho vinafanana. Lakini waya wa gitaa una uzi mmoja katikati uliozungushiwa wavu wa shaba unaoukinga, wakati waya wa spika ni nyuzi mbili tu zilizolala sambamba, bila wavu. Ukiutumia huo wa spika kuchomeka gitaa, umejitengenezea antena. Fungua kifuniko cha jeki utazame. Ukiona wavu wa shaba umesukwa au umezungushwa, uko salama. Ukiona nyaya mbili nene zinazolingana, urudishe mahali pake.

Gitaa lenyewe nalo lina tabia zake. Pikapu ya koili moja, kama zile za Stratocaster au Telecaster, ni koili ya waya iliyozunguka sumaku, na koili haibagui kati ya uzi unaotetemeka na transfoma iliyo ukutani. Vyote inavipokea. Geuza mwili polepole ukiwa umeshika gitaa: mvumo ukipanda na kushuka kufuatana na unakoelekea, ni sumaku ya nje inayoingia kwenye pikapu. Sogea mbali na ampu, na kama kuna taa zenye dima, zizimeni mjaribu. Seth Lover wa kampuni ya gitaa ya Gibson alilitatua hili mwaka 1955 kwa kuweka koili mbili zilizozungushwa kinyume na zenye sumaku zinazopingana. Mvumo unaingia kwenye zote mbili na kufutana, sauti ya nyuzi inajumlishwa. Ndiyo humbucker. Kwenye Stratocaster nyingi za kisasa, pikapu ya katikati imegeuzwa kwa mtindo huo, kwa hiyo swichi ikiwa kwenye nafasi ya pili au ya nne, mvumo unapungua wenyewe.

Watu hubandika karatasi ya shaba ndani ya tundu la gitaa wakitegemea limalize kila kitu. Inasaidia kwenye ule ukereketaji mwembamba unaotoka kwenye taa na chaja, lakini ule mzito wa sumaku unapita kwenye shaba bila kujali.

Jaribio la haraka kuliko yote: gusa nyuzi. Mvumo ukipungua ukigusa, gitaa liko sawa, kwa sababu mwili wako ulikuwa unapokea kelele za umeme na sasa zimepelekwa kwenye ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, kupitia daraja la nyuzi. Usipobadilika kwa nyuzi lakini ukapungua ukigusa chuma cha jeki, kuna waya mwembamba uliokatika kati ya daraja na potentiomita (kile kitufe cha volyumu). Lehemu kidogo tu inatosha. Na ukizidi ukigusa nyuzi, mtu aligeuza nyaya za jeki alipokuwa akilehemu.

Sasa pedali. Hapa ndipo pesa za wapiga gitaa zinapopotea bure, wananunua pedali ya tano kabla ya kuwa na umeme mzuri wa zile nne. Adapta moja ya volti 9 ikigawiwa pedali zote kwa waya wenye matawi, pedali hizo zinaunganishwa mara mbili: kwa wavu wa nyaya za sauti, na kwa upande hasi wa adapta. Ni duara, na kelele za pedali moja zinazunguka humo mpaka kwenye nyingine. Ni kama bomba moja la maji lililogawiwa nyumba nane: mmoja akifungua kwa nguvu, wengine wote wanayumba. Pedali za analogi kama ovadraivu, ya kukwaruza sauti kidogo, zinakula miliampia chache tu na mara nyingi zinavumiliana. Matata yanaanza ukiweka dilei (ya kurudia sauti) au riverbu (ya mwangwi) ya dijitali kwenye mnyororo huo huo; zenyewe zinakula miliampia mia na zaidi, na saa yake ya ndani inatoa mluzi mwembamba wa juu ambao distoshini, pedali ya mkwaruzo mzito, inaukuza. Mluzi huo si G wala si wa TANESCO.

Kujua ni rahisi. Pedali inayokubali betri, iwekee betri ya volti 9 uichomoe kwenye adapta. Ukimya ukirudi, adapta imepatikana na hatia. Dawa ni kisanduku cha umeme chenye matoleo yaliyotenganishwa, kila toleo likijitegemea ndani, siyo kile chenye matundu mengi yaliyounganishwa nyuma ya bati. Maduka mengi yanauza hicho cha pili kwa maneno ya cha kwanza. Zima, chukua mita, pima mwendelezo kati ya upande hasi wa tundu moja na la jirani yake: ikilia, hayajatenganishwa. Nyongeza ndogo kwa wenye pedali ya wah: koili iliyo ndani yake inasikia sumaku, usiiweke karibu na adapta.

Tuje kwenye ethi, ambako mvumo na hatari vinakaa nyumba moja. Ampu yako ina ethi kupitia plagi yake, mikisa ina ethi kupitia soketi nyingine upande wa pili wa ukumbi, na waya wa sauti kati yao una wavu unaoziunganisha tena. Ethi hizo mbili hazina volti sawa sawasawa, kwa hiyo mkondo mdogo unapita kwenye wavu na kuingia kwenye sauti. Fundi mitambo mwenye haraka atakata mguu wa ethi wa plagi, na kweli mvumo utaisha. Mnyang'anye hiyo koleo. Siku waya wa moto utakapogusa bati la ampu, njia ya umeme kwenda ardhini itakuwa ni wewe: mkono kwenye nyuzi, midomo kwenye maiki. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea mwaka 1972, alipogusa maiki isiyo na ethi.

Kinachopaswa kukatwa ni wavu wa waya wa sauti upande mmoja, siyo ethi ya umeme. Di-boksi nyingi, vile visanduku vya kuunganisha ala na mikisa, zina swichi ndogo ya kazi hiyo, na zile zenye transfoma ndani zinatenganisha kabisa. Kabla hata ya kununua, jaribu kuchomeka ampu, pedali na mikisa kwenye ekstensheni moja inayotoka soketi moja, mradi haizidiwi, na taa za jukwaani zipelekwe kwingine. Duara linakuwa dogo na mara nyingi hiyo inatosha. Ikiwa kuna kompyuta mpakato kwenye mikisa, chomoa chaja yake usikilize. Hiyo peke yake imeshanimalizia kesi nyingi.

Kuna pia kinyume chake: soketi yenye matundu matatu ambayo la ethi halijaungwa popote. Ukihisi mwasho vidoleni au midomoni, acha kupiga. Kapasita ndogo za kuchuja zilizomo kwenye chaja na mashine nyingi huvujisha mkondo mdogo kwenda kwenye bati, na bila ethi bati hilo linaweza kuelea kwenye volti mia na kitu. Mwite fundi umeme apime, msisubiri ibada iishe.

Kwenye jenereta, mvumo unaopanda na kushuka kidogo taa zikiwashwa ni injini inayohangaika. Nyingi ndogo zinatakiwa zizunguke mara 3000 kwa dakika ili zitoe Hezi 50. Inveta za bei nafuu zinatoa umeme wa ngazi badala ya wimbi laini, na ngazi hizo ndizo zile kelele zinazokwaruza. Kwa muziki tafuta ya wimbi laini, hakuna njia ya mkato. Nois geti, pedali ya kukata kelele, haitibu lolote kati ya haya. Inafunga mlango ukinyamaza na kuufungua ukipiga, mvumo ukiwa mle mle ndani ya noti. Ninaikubali kwa distoshini nzito tu, na ikae baada yake.

Na kama ampu ilivuma ikiwa peke yake? Punguza volyumu hadi sifuri. Mvumo wa Hezi 100 usiobadilika hata hapo unaelekeza kwenye kapasita kubwa za kuchuja umeme, ambazo joto na miaka huzikausha. Zilizovimba kichwani hazihitaji hata mita. Kwenye ampu ya valvu, ile yenye mirija ya kioo, usizifuate mwenyewe. Zinaweza kuwa na zaidi ya volti 400, na kuzima swichi hakuziondoi. Mvumo wa Hezi 50 unaopungua na volyumu ukiwa kwenye ampu hiyo hiyo, naanza na valvu ya kwanza, ECC83 mara nyingi, kwa kuibadilisha na nzima. Ukija pale tu unapofungua riverbu, ni tangi la springi lililo karibu mno na transfoma, na kuligeuza upande wa pili ndani ya boksi kunaweza kumaliza kazi bila kubadilisha kitu chochote.