Kwa nini benki inakuuliza hela umeitoa wapi: tujifunze kwa Pavlo Lazarenko wa Ukraine

Tangu kampeni ya kuhuisha taarifa za wateja wa benki ianze malalamiko yamekuwa mengi, kwenye simu, kwenye meseji, mitandaoni ndo usiseme, na karibu yote yanafanana: mbona naulizwa hela nimeitoa wapi, mbona kampuni yangu lazima itaje mmiliki manufaa, yaani mtu anayefaidika nayo mwishoni hata kama jina lake halipo kwenye hisa, kwani mimi mwizi? Hapana ndugu, hakuna aliyesema wewe ni mwizi. Ila kujibu mmoja mmoja hatutamaliza, kwa hiyo leo nachukua faili moja tu ambalo watu wa kazi hii ya kuzuia utakatishaji, yaani kuzungusha hela ya uhalifu ionekane halali, tunalijua vizuri, la waziri mkuu wa zamani wa Ukraine, Pavlo Lazarenko. Kesi yake ya jinai ilisikilizwa, hukumu zipo wazi, kwa hiyo hatumuonei mtu, na pale penye tuhuma tu nitasema ni tuhuma. Hii ni elimu kwa umma, sio ushauri wa kisheria, ukishtakiwa tafuta wakili.

Lazarenko kazaliwa 1953 kijiji cha Karpivka, mkoa wa Dnipropetrovsk, akasomea kilimo, akapanda ngazi kwenye mashamba ya ushirika ya Kisovieti mpaka kuwa bosi. 1992 Ukraine ikiwa huru changa kabisa akateuliwa mwakilishi wa rais mkoani kwake, na mkoa wenyewe sio wa mchezo, viwanda vya chuma, kiwanda cha makombora alichokuwa anakiongoza Leonid Kuchma kabla hajawa rais, Brezhnev, kiongozi wa zamani wa Kisovieti, naye katoka hukohuko. Septemba 1995 akawa naibu waziri mkuu wa kwanza, Mei 1996 waziri mkuu, Julai 1997 keshatolewa. Yaani kwenye kiti chenyewe cha uwaziri mkuu alikaa mwaka na kitu kidogo tu, na watu huwa wanashangaa mtu anapata wapi muda wa kujaza akaunti nchi zote zile. Hesabuni kuanzia 1992, sio 1996. Mkoani ndiko kulikoanza.

Inaanzaje sasa? Ushahidi uliotolewa mahakamani San Francisco, Marekani, alikokuja kushtakiwa, unasema hivi: mfanyabiashara mmoja, Peter Kiritchenko, alikwenda kwa Lazarenko mwaka huo 1992 akitaka mambo yake yaende, akaambiwa kwamba mheshimiwa anafanya kazi na kila mtu nusu kwa nusu. Hakuna bastola, hakuna mkoba wa noti chini ya meza. Nusu ya hisa za kampuni ikaandikwa jina la ndugu wa Lazarenko, na faida ikawa inagawanywa, sehemu yake inakwenda nje ya nchi. Kwenye makaratasi unaona kampuni halali, mwanahisa halali, malipo yana maelezo. Ukimuuliza karani wa benki siku ile angekwambia kila kitu kipo sawa. Ndio maana nawaambia lile fomu la mmiliki manufaa mnalokutana nalo BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, na kulitukana halikutungwa na mtu asiye na kazi. Jina la kwenye hisa ni jina tu, tunachotaka kujua ni nani anakula mwishoni.

Kutoka hapo hela ikapita Poland, ikaenda Uswisi, na huko akaunti zilikuwa zinaitwa kwa majina ya kificho. Moja iliitwa CARPO-53. Mtu kazaliwa Karpivka, mwaka 1953, haya jumlisheni wenyewe. Mimi huwa nacheka kila nikiiona, mtu ana mawakili wa kila aina halafu jina la siri analitoa kwenye cheti cha kuzaliwa. Baadaye maswali ya mabenki yalipoanza kuwa mengi, 1997, yeye na Kiritchenko wakaja na dawa nyingine: wakanunua asilimia 67 ya benki, European Federal Credit Bank, kisiwani Antigua. Hapo ndugu zangu mteja kawa mwenye benki, nani atamuuliza chanzo cha fedha? Hela nyingine ikaingia Marekani, kwenye mabenki na madalali wa hisa wa San Francisco, na jumba likanunuliwa Novato, kaskazini mwa mji huo.

Sasa nijibu hili la siasa maana linarudi kila siku. Kuna wanaosema Lazarenko alishughulikiwa kwa sababu alikosana na Kuchma. Kukosana walikosana kweli. Julai 1996 bomu lililipuka barabarani msafara wake ukielekea uwanja wa ndege wa Boryspil, akanusurika, na vita vya makundi ya Dnipropetrovsk na ya mkoa jirani wa Donetsk kugombea gesi na chuma vilikuwa vya damu. Enzi hizo gesi ilikuwa inagawiwa kwa makampuni kimkoa, viwanda havina pesa taslimu vinalipa kwa chuma na mabomba, na aliyepewa eneo alikuwa amepewa utajiri. Kampuni iliyopata fungu nono ni United Energy Systems ya Yulia Tymoshenko, naye akaja kuwa waziri mkuu miaka ya mbele. Lazarenko alipofukuzwa akaingia upinzani na chama cha Hromada, uchaguzi wa 1998 kikavuka kizingiti cha asilimia 4 kikaingia bungeni. Kwa hiyo ndiyo, siasa ilikuwepo, na inawezekana kabisa bila ugomvi ule mwendesha mashtaka wa Kiev, mji mkuu wa Ukraine, angeendelea kunywa chai. Lakini karatasi ya benki haina chama. Ugomvi ndio uliofungua droo, vilivyokutwa ndani ya droo havikuwekwa na ugomvi.

Na tuwe waangalifu hapa. Waendesha mashtaka wa Ukraine walimhusisha na mauaji ya mbunge tajiri Yevhen Shcherban, aliyepigwa risasi uwanja wa ndege wa Donetsk Novemba 1996, yeye akakana, na hajawahi kusimama kizimbani akahukumiwa kwa hilo, kwa hiyo msiandike kama limethibitishwa. Hata mashtaka ya ile biashara ya gesi kule Marekani jaji aliyaondoa kabla hayajafika kwa juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Tuhuma ni tuhuma.

Desemba 1998 akakamatwa anaingia Uswisi akiwa na pasipoti ya Panama. Mbunge wa Ukraine, pasipoti ya Panama. Waswisi wakamfungulia shauri la kutakatisha fedha, wakampa dhamana ya mamilioni ya faranga, akatoka. Februari 17, 1999 bunge la Kiev likamvua kinga ya ubunge ya kutoshtakiwa, siku chache baadaye akashikwa uwanja wa JFK New York akaomba hifadhi ya kisiasa, na dhamana ya Uswisi hakuirudia. Mwaka 2000 Waswisi wakamtia hatiani bila yeye kuwepo na kutaifisha mamilioni. Hapa kwetu Tanzania shtaka la utakatishaji limekuwa halina dhamana na najua kuna malalamiko makubwa kuhusu hilo, mengine yana hoja, sio nafasi yangu kuyajadili, nasema tu kwamba mifano kama hii, ya mtu kupewa dhamana asirudi, ndio inayotajwa mezani.

Swali lingine ninaloulizwa na wasomi kabisa: Marekani inamhukumu vipi mtu wa Ukraine kwa mambo ya Ukraine? Haikumhukumu kwa mambo ya Ukraine. Kutakatisha ni kosa linalojitegemea, kosa la kuzungusha hela ukijua ni mazao ya uhalifu, na hela ilizungushiwa San Francisco. Uhalifu wa awali unaweza kufanyika popote, ila mwendesha mashtaka lazima aonyeshe kwamba ni uhalifu kwa sheria ya kule ulikofanyika, ndio maana kesi ile ilijaa mashahidi waliohojiwa Ukraine na mabishano marefu juu ya sheria za Kiukraine. Naomba tulielewe hili tusirudie tena.

Adhabu sasa, niende taratibu. Kwa sheria ya Marekani kosa moja la kutakatisha ni kifungo hadi miaka 20 na faini hadi dola 500,000 au mara mbili ya thamani ya mali iliyohusika, inachukuliwa ile iliyo kubwa. Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa 53. Jaji akaondoa 24, juri Juni 2004 ikamtia hatiani kwa 29 yaliyobaki, jaji baadaye akafuta 15 yakabaki 14. Agosti 2006 akapewa miaka 9 na faini ya dola milioni 10. Mahakama ya rufaa 2009 ikafuta mengine 6, yakabaki 8, yote ya upande wa utakatishaji, na Novemba mwaka huo adhabu ikasomwa upya: miezi 97, faini dola milioni 9, na kutaifishwa dola milioni 22 na ushee. Kuna watu wanaandika eti alishinda rufaa. Miezi 97 ni miaka minane na mwezi mmoja, huo ni ushindi gani? Muda wa mahabusu ulihesabiwa humo, akatoka gerezani Novemba 2012. Katikati ya yote hayo, 2006, akiwa bado mikononi mwa Wamarekani, muungano wa vyama wenye jina lake uligombea ubunge Ukraine. Ukashindwa, lakini uligombea.

Kuna kipande cha Kiritchenko nataka kila mtu anayeazimisha akaunti au laini yake ya simu akisome. Yeye alikiri kosa, akawa shahidi wa serikali. Halafu akadai fidia, kwamba yeye ni mhanga, alikamuliwa, na mahakama ya chini ikamkubalia dola milioni 19 na zaidi. 2010 mahakama ya rufaa ikaifuta: mtu aliyeshiriki kuzungusha hela na akafaidika nayo hawezi kugeuka mhanga wa njama hiyohiyo. Mimi nilitumika tu, mimi jina langu tu ndio liliandikwa, haya maneno tunayasikia kila wiki na hayasaidii.

Na hela je? Hapa ndio watu wanakosea zaidi, wanadhani mtu akifungwa hela inarudi Jumatatu. 2004 serikali ya Marekani ilifungua Washington kesi nyingine kabisa, ya madai, ambayo mshtakiwa sio mtu bali ni hela yenyewe, zaidi ya dola milioni 250 zilizokuwa Guernsey, Antigua na Barbuda, Uswisi, Liechtenstein na Lithuania. Kesi ya namna hii haihitaji kuthibitisha bila shaka yoyote, inatosha kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi hela ni chafu kuliko kuwa safi, kwa hiyo unaweza kufikiri ni ya haraka. Kila nchi kati ya hizo ina mahakama yake, amri yake ya kuzuia akaunti, mawakili wake, na wadai wengine wanaojitokeza kusema fungu hilo ni letu. Zaidi ya miaka 15 baadaye walikuwa bado wanaandikiana maombi. Transparency International, shirika la kupambana na rushwa, mwaka huohuo wa 2004 ilimweka wa nane kwenye orodha ya viongozi wanaodaiwa kuiba zaidi duniani, makadirio dola milioni 114 hadi 200, nyuma ya Mobutu aliyekuwa wa tatu na Abacha wa nne, na Wakongo na Wanaijeria wanajua ngoja ngoja ya kurudishiwa hela ilivyo.

Kwa hiyo ukifika dirishani na kiasi kikubwa kisichoendana na mzunguko wako wa kawaida, beba mkataba wa mauzo ya kiwanja, barua ya mirathi, stetimenti ya benki ulikotoa, risiti za biashara, chochote kinachoeleza hela imetokea wapi. Kama kampuni ina mwanahisa wa jina tu, mtaje na aliye nyuma yake. Wenye nyadhifa za kisiasa na ndugu zao wa karibu wataulizwa zaidi ya wengine, hiyo ndiyo sheria na sio chuki. Na ukimuuliza karani kama muamala wako umeripotiwa kwa mamlaka kuwa unatia shaka hatakujibu, sheria inamkataza kukwambia, hata ukipandisha sauti, hata umwite meneja.