Mfumo Endeshi wa Seva: Mimi Huanza na Tarehe

Mteja akiniuliza kama programu yake ya wavuti iwekwe kwenye Linux au Windows, kwanza humuuliza imeandikwa kwa lugha gani, kwa sababu mara nyingi jibu limo humo humo. Programu ya PHP au Python haina sababu ya kulipiwa leseni ya Windows Server, ambayo huhesabiwa kwa viini vya prosesa na haishuki chini ya viini 16 kwa seva moja. Ikiwa ni ASP.NET ya zamani (mfumo wa Microsoft wa kuundia tovuti), ile inayotegemea .NET Framework, hapo hakuna mjadala: itakaa kwenye Windows na IIS, seva ya wavuti ya Microsoft, hadi iandikwe upya. Toleo jipya la .NET, lililoanza kutolewa mwaka 2016, hufanya kazi kwenye Linux bila shida.

Swali gumu zaidi ni Linux ipi, maana ziko za aina nyingi, na hapa ndipo ninapotazama tarehe ya mwisho wa masasisho ya usalama kabla ya kutazama kitu kingine chochote. CentOS 8, mojawapo ya aina hizo, ilitarajiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029, lakini mnamo Desemba 2020 ilitangazwa kwamba ingekoma mwishoni mwa 2021, na waliokuwa wameitegemea wakajikuta wana mwaka mmoja tu wa kuhama. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kuziba pengo hilo. Tangu wakati huo mimi huchagua Debian, au Ubuntu ya LTS (toleo la msaada wa muda mrefu), ambayo hutoka kila baada ya miaka miwili na kuhudumiwa kwa miaka mitano. Ubuntu 24.04, kwa mfano, inatufikisha 2029. Matoleo ya Ubuntu ya katikati, yasiyo ya LTS, huhudumiwa kwa miezi tisa tu, na sioni kwa nini mtu ayaweke kwenye seva ya kazi.

Kuhama nako kuna mitego yake. Niliwahi kuhamisha tovuti moja kutoka Windows kwenda Linux, kurasa zote zikafunguka vizuri isipokuwa picha, ambazo nusu yake zilitoweka. Nilipekua kumbukumbu za nginx, programu inayotuma kurasa kwa wasomaji, kwa saa mbili, nikiona kosa la 404 (faili haikupatikana) kwa faili ambazo nilikuwa nikiziona kwa macho yangu kwenye folda. Kumbe msimbo uliita nembo.png, na faili iliitwa Nembo.PNG: kwa Windows hilo ni jina moja, kwa Linux ni faili mbili tofauti. Siku hizi, kabla ya kuhamisha chochote, hubadilisha majina yote ya faili yawe ya herufi ndogo, pamoja na kila mahali yanapotajwa kwenye msimbo.

Kwa seva ambayo tayari inafanya kazi, andika cat /etc/os-release kwenye terminali, usome toleo, kisha ulinganishe na kalenda ya msaada iliyochapishwa na watengenezaji wake. Ikiwa imebaki chini ya miezi sita, anza kujenga seva mpya pembeni sasa hivi, uijaribu na nakala ya hifadhidata, huku ile ya zamani ikiendelea kuhudumia watu.