Kwa nini sweta lililolala miezi sita hutoka na mstari katikati?

Mwenye kapu la kazi zisizokwisha nyumbani analijua vizuri jambo hili. Sweta la baba lilianzwa Julai, baridi ya Njombe au ya Limuru imekolea, likafika kifuani. Joto likarudi, likatiwa mfukoni na kupandishwa juu ya kabati, na nafasi yake ikachukuliwa na kofia ya mtoto, kisha shali ya kwendea harusini, kisha seti ya vitambaa vya makochi ambayo nayo haijaisha. Baridi inapobisha hodi tena, sweta linateremshwa na kuendelezwa kwa uzi uleule na, mfumaji anaapa, sindano zilezile. Likitandazwa kitandani linaonekana lina mstari. Chini ya mstari vitanzi vimekaa kwa nafasi, juu yake vimebana, na ubavu uliopaswa kushuka wima umeingia ndani sentimita mbili kila upande.

Neno la kwanza kutamkwa nyumbani huwa: "Uzi umesinyaa." Maelezo haya yamekubalika mno, na yanakosea kwa njia zaidi ya moja, kwa hiyo yanastahili kushughulikiwa polepole.

Sufu ya kondoo husinyaa kweli, lakini si kwa kukaa. Kila unywele wa sufu una magamba madogo yanayoelekea upande mmoja. Ukiulowesha na kuusugua, na hasa maji yakiwa ya moto, unywele husogea mbele na magamba yanauzuia kurudi, mpaka kitambaa kizima kinajikunyata na kuwa kinene. Mfuko mkavu juu ya kabati hauna maji, hauna moto wala anayesugua. Zaidi ya hapo, uzi mwingi wa bei ya kawaida katika maduka yetu si sufu ya kondoo hata kidogo, ni akriliki, nyuzi za kiwandani zinazoanzia kwenye mafuta ya petroli. Hazina magamba. Soma karatasi iliyofungiwa donge: ikiandikwa akriliki asilimia 100, habari ya kusinyaa kabatini imeishia hapo.

Hata tukikubali kwa ajili ya mjadala kwamba uzi ulisinyaa, hesabu bado haikai. Sehemu ambayo ingepungua ni ile ya chini, iliyokwisha kufumwa na kulala mfukoni. Hapa iliyobana ni ya juu, ya wiki hii. Na donge ambalo halijafumwa lingesinyaa lote lisingebadili upana wa kazi mpya, kwa sababu kitanzi cha leo hukatiwa kipimo chake leo, kinapopita juu ya sindano. Donge fupi lingeisha mapema tu.

Lawama ya pili humwendea mwenye duka: ameuza uzi wa namna nyingine. Hapa kuna chembe ya kweli. Viwanda hutia rangi uzi kwa mafungu, na fungu moja halifanani kabisa na jingine hata kama jina la rangi ni lilelile. Ndiyo maana karatasi ya donge huwa na namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya fungu. Aliyenunua madonge manne mwaka jana na mawili mwaka huu anaweza kupata mstari wa rangi unaoonekana juani zaidi kuliko chini ya taa. Lakini rangi haipunguzi upana. Nondo nao husingiziwa, ilhali wadudu hao, au kwa usahihi viwavi wao, hula sufu na manyoya na kuacha matundu. Hawachori mistari iliyonyooka.

Kinachobaki ni mkono.

Mwaka 1959 mtafiti wa Uingereza, D. L. Munden, alichapisha vipimo vya vitambaa vya sufu vilivyofumwa kwa mfumo wa kawaida, na matokeo yake bado yanafundishwa kwa wanaosoma teknolojia ya nguo. Aliona kwamba kitambaa kikishatulia, upana na urefu wake vinaamuliwa karibu kabisa na jambo moja, nalo ni urefu wa uzi ulioingia katika kitanzi kimoja. Uzi zaidi ndani ya kitanzi, kitambaa kipana. Uzi pungufu, kitambaa chembamba. Vitambaa alivyopima ni vya mashine, ambayo hulisha uzi bila kuchoka wala kuwaza chakula cha jioni, hivyo tusitegemee kazi ya mkono ifuate kanuni yake kwa unyoofu uleule. Kwa makadirio, hata hivyo, inasaidia sana.

Tuchukue sweta letu. Kifua kina vitanzi 110. Julai mfumaji alikuwa anapata vitanzi 22 katika sentimita 10, yaani sentimita 50 kwa upande wa mbele. Aliporudi anapata 24 katika sentimita 10, na vitanzi vilevile 110 sasa vinatoa chini kidogo ya sentimita 46. Sentimita nne zimekwenda. Ukikadiria kwa kanuni ya Munden, kitanzi cha Julai kilimeza takriban milimita 17 za uzi na cha sasa kama milimita 16. Tofauti haifiki milimita mbili kwa kila kitanzi, kitu ambacho jicho halikioni sindano inapokwenda. Ila mkono ukikirudia mara 110 kwa kila safu, baba hawezi kufunga vifungo.

Sasa, mkono unapungukiwaje milimita hiyo moja na ushee? Tazama vidole vya mfumaji badala ya sindano zake. Uzi hautoki kwenye donge ukaenda moja kwa moja kwenye sindano. Unapita katikati ya vidole, na wengi huuzungusha kwenye kidole cha mwisho ili usiteleze. Mzunguko huo una nguvu kuliko unavyodhaniwa.

Baharia anayefunga jahazi gatini anatumia kanuni hiyohiyo. Upepo unalivuta jahazi, na hakuna mikono ya mtu mmoja inayoweza kulizuia kwa kushika kamba tu. Anaizungusha kamba kwenye nguzo mara moja, na sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na msuguano kati ya kamba na nguzo. Mkononi kinabaki kidogo. Akizungusha mara ya pili, msuguano unachukua tena fungu lake kutoka katika kile kidogo kilichobaki. Akizungusha mara ya tatu, ncha ya kamba anaweza kumwachia mtoto. Jambo la kuzingatia ni kwamba mizunguko haijumlishi, inazidisha. Kama mzunguko mmoja unaufanya mvuto kuwa mara tatu, miwili haifanyi mara sita, inafanya mara tisa.

Weka kidole mahali pa nguzo na uzi mahali pa kamba. Julai uzi ulizungushwa kidole cha mwisho mara moja. Miezi ikapita katika kazi ya kofia yenye uzi mwembamba unaoteleza, na ili kuumudu mkono ukajizoeza kuzungusha mara mbili. Siku sweta linarudi, vidole vinafanya vilichozoea mwisho. Uzi unakuja kwa kuvutwa, kitanzi kinabana juu ya sindano, milimita inapotea. Kidole ni laini na uzi una manyoya, kwa hiyo hesabu haitoki safi kama ya kamba na nguzo, lakini mwelekeo ni uleule. Wafumaji husema pia kwamba mtu akiwa na hasira au wasiwasi kazi hubana. Inaingia akilini, ingawa hilo limesimuliwa zaidi kuliko kupimwa.

Halafu kuna zile "sindano zilezile". Sweta likiwa limelala, sindano zake zimelala nazo, na mwenye kazi tano ana jozi tatu za sindano. Basi vitanzi vinahamishiwa kwenye kipande cha uzi, sindano zinakwenda kwenye kofia, na zinazorudi siku ya siku si lazima ziwe zilizoondoka. Namba ndiyo inayodanganya. Katika vipimo vya zamani vya Uingereza, ambavyo bado vimo katika makopo ya sindano za mama zetu, namba 8 ni milimita 4. Katika vipimo vya Marekani namba 8 ni milimita 5. Kana kwamba hilo halitoshi, Waingereza wa zamani walihesabu kinyume: namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Hata milimita zikilingana, mwanzi hushika uzi na chuma huuachia, na mkono hujibu tofauti kwa kila kimoja.

Kabla ya kufumua kwa hasira, lakini, fua. Kazi iliyotoka sasa hivi kwenye sindano bado ina mkazo wa kuvutwa. Iliyolala miezi imeanza kutulia. Sehemu ya tofauti unayoiona ni hiyo tu, na maji ya uvuguvugu na kutandaza kwenye taulo huiondoa. Safu iliyokaa imekunjwa juu ya sindano muda wote huo nayo huacha alama ya kovu. Afadhali kufumua safu mbili za mwisho kabla ya kuendelea kuliko kujenga juu yake. Kinachosalia baada ya kukauka ndicho kilichotoka mkononi.

Krosheti ina shida hiyohiyo yenye sura nyingine. Vitambaa vya makochi havionyeshi mstari kwa sababu kila kimoja kinafumwa kivyake, hivyo mabadiliko ya mkono yanajificha mpaka siku ya kuvipanga. Vya mwanzo, vilivyofumwa wakati mmoja, vimekaa sawa kwenye migongo ya viti. Viwili vya mwisho, vilivyongoja mwaka, vinaning'inia chini ya wenzao vidole viwili, na kila mgeni atakayeketi ataviona kabla ya chai. Katika krosheti siri iko kwenye kitanzi cha kwanza cha kila mshono, kile unachokivuta juu kwa ndoana: wapo wanaokiinua sana, wapo wanaokilaza, na urefu wa mshono mzima unafuata hapo. Mpangilio ni uleule, hesabu ya mishono ni ileile, ukubwa si uleule.

Kwa kuachwa nusu, hata hivyo, krosheti ina heshima kubwa zaidi. Kwenye sindano mbili vitanzi vyote 110 viko wazi kwa pamoja, kila kimoja kikingoja kitanzi cha safu inayofuata kikishike. Mtoto akichomoa sindano, kila kimoja kinaweza kuachia na kuteremka safu kwa safu, kwa kuwa kinachokizuia kitanzi ni kile kilichopita ndani yake tu. Kwenye krosheti kila mshono hufungwa kabla ya kuanza unaofuata, na kilicho wazi ni kitanzi kimoja. Kitie pini ya nepi, chomoa sindano, nenda kaanze kazi nyingine. Isipokuwa ile krosheti ya Tunisia, yenye sindano ndefu inayobeba safu nzima. Hiyo inaachwa kwa masharti ya sindano mbili.

Huenda ndiyo sababu mojawapo ya makapu kujaa: hakuna adhabu ya papo hapo. Wengine huongeza kwamba kazi isiyokwisha haitoki akilini, na humtaja mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyechapisha mwaka 1927 huko Berlin majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Dai hilo limezeeka vibaya. Majaribio mengi yaliyofuata hayakuipata tofauti hiyo ya kumbukumbu kwa uthabiti. Lililosimama vizuri zaidi ni la mwenzake, Maria Ovsiankina, la mwaka 1928: aliyekatizwa, akipewa nafasi, huelekea kuirudia kazi yake bila kuambiwa. Lakini kazi zao zilikuwa za dakika chache, mezani, mbele ya mtafiti. Kulinyoosha jambo hilo hadi sweta la miezi sita ni kulivuta kuliko linavyoweza kunyooka, na makapu yenyewe ni ushahidi wa upande wa pili.

Kikaratasi kinafaa kuliko kumbukumbu. Kiandikwe sindano kwa milimita, vitanzi vingapi katika sentimita 10, safu uliyofika, namba ya fungu la uzi, na, jambo ambalo karibu hakuna anayeliandika, uzi ulizungushwa kidole gani na mara ngapi. Kibanwe kwenye kazi yenyewe, maana daftari nalo hupotea. Siku ya kurudi, fuma kipande cha pembeni cha vitanzi 30 hivi, kilowe, kikauke, kipime katikati ambapo kingo hazivuti. Kikitoa 24 mahali pa 22, ondoa mzunguko mmoja wa kidole au panda sindano yenye milimita zaidi kidogo, ujaribu tena.

Na kama mstari umeshaingia na kufua hakukuusaidia, fumua mpaka pale ulipoanzia, si zaidi. Ya chini haina kosa. Uzi uliofumuliwa utatoka umejikunja mawimbimawimbi kwa kufuata vitanzi ulivyokuwamo, na ukiufuma hivyohivyo vitanzi vipya havitakaa sawa. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu au nne usitatizike, uuloweshe, kisha uutundike kivulini na kitu kizito kidogo chini yake mpaka ukauke.