Sonona na swali la "naishi kwa ajili ya nini?"

Mgonjwa wa sonona, ugonjwa wa akili unaoitwa pia depression, mara nyingi haji kliniki kusema ana huzuni. Anakuja na kichwa kinachogonga, mwili unaowaka moto, usingizi unaokatika saa tisa usiku. Ameshapimwa malaria, taifodi na UTI, ameshamaliza dozi mbili tatu, na hajapona. Ukimuuliza habari za nyumbani ndipo linapotoka lile lililomkaa kooni: "Dokta, sioni hata naishi kwa ajili ya nini."

Jamii ina majibu tayari. Jikaze, wewe mwanaume. Sali sana. Wenzako wana shida kuliko zako. Sibezi imani, imewashika wengi wasianguke. Tatizo ni kwamba sonona huondoa hamu yenyewe. Mama anambeba mtoto wake na hasikii chochote, kisha anajilaumu kwa kutosikia. Katika hali hiyo swali la maana ya maisha ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na mawaidha hayaishushi.

Chukua kijana aliyemaliza chuo, kazi hajapata, na ndiye mzaliwa wa kwanza. Simu yake ina magrupu ya WhatsApp ya michango: harusi ya binamu, kipaimara, msiba wa kijijini. Kila jioni mhazini anapandisha orodha. Mbele ya jina lake: ahadi 50,000, alicholipa 0. Mhazini hana nia mbaya, anafanya kazi yake. Lakini kijana anasoma thamani yake pale kila siku. Anajitoa kwenye grupu, anaacha ibada, anaacha hata kijiwe, na kadiri anavyojitenga ndivyo ugonjwa unavyopata nafasi. Si kila anayebanwa hivyo huugua. Kurithi katika ukoo, maradhi ya muda mrefu, uzazi na pombe navyo vina mchango.

Huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki 2, pamoja na mabadiliko ya usingizi, ulaji, nguvu au umakini, yatosha kumpeleka mtu akaonwe.

Huko Zimbabwe, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani jijini Harare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hahubiri. Anamwacha mtu ataje matatizo yake yote, kisha wanachagua moja tu linaloweza kuguswa sasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kijana wetu angeweza kuanza kwa kumpigia mhazini na kumwambia ukweli kuhusu ile ahadi, au kumsindikiza mdogo wake shule asubuhi. Asisubiri ajisikie kufanya, maana kwa mwenye sonona hamu huja nyuma ya kitendo.

Sonona ikiwa kali, dawa zinahitajika. Huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kuonyesha kazi, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Hazimfanyi mtu teja. Ila zisikatwe ghafla bila daktari.

Tena muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Popote mlipo, mkifika mapokezi semeni ni dharura, msikae foleni.