Lenzi kubwa haitakuokoa Tsavo saa sita mchana

Nimechoka kuambiwa "picha zangu hazikutoka manake sina lenzi kubwa". Wateja wangu wengi wa hapa Mombasa, wale wa kutoka wikendi kwenda mbuga ya Tsavo Mashariki, hilo ndio neno lao la kwanza, na kuna wanaokodisha ile ya milimita 600 kwa pesa nyingi kweli, wanarudi na picha ya simba isiyo na ukali wowote, yaani haionekani wazi, manyoya yote yamechanganyikana, halafu wananiuliza kama lenzi ilikuwa mbovu. Lenzi ilikuwa nzima. Ulipiga saa ngapi?

Yaani hii ningetaka kila mtu aijue kabla hajatoa hata shilingi. Ikifika kama saa nne asubuhi jua limeshauchoma ule mchanga mwekundu, hewa iliyo chini inapata moto kuliko ya juu yake, na mwanga ukipita kwenye hewa ya joto tofauti tofauti unapindapinda. Ndio ile unayoiona mchana juu ya lami ya barabara ya Nairobi, ukadhani mbele kuna maji. Sasa mnyama akiwa mita 200 kutoka kwako, mwanga umepinda njia nzima mpaka kukufikia, na lenzi ndefu inamkuza mnyama na inakuza mtetemo wa hewa pia. Hakuna kasi ya shata (muda kamera inaofunguka kupiga) ya kuutibu, hata 1/4000 ya sekunde, hakuna tripodi (stendi ya miguu mitatu), na ukiediti kuongeza ukali ndio unazidi kuharibu. Halafu mtu anapitisha lenzi juu ya boneti yenye moto, injini inanguruma! Mwambie dereva kwa adabu, "kaka, zima kidogo", atazima.

Dawa ni kuwahi. Ukitoka Mombasa alfajiri, ukipambana na malori Mazeras na Mariakani, unafika Voi saa mwanga mzuri ushaisha. Lala Voi, saa kumi na mbili asubuhi uwe langoni mwa mbuga. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda karibu wima, ule mwanga wa dhahabu haukungoji. Mwenye lenzi ya kawaida ya milimita 70 hadi 300 saa kumi na mbili u nusu atapata picha kali kuliko mwenye 600 saa sita mchana, na hili sibishani na mtu. Na ukiwa na lenzi fupi unalazimika kupiga na mahali penyewe, ndovu awe mdogo kwenye fremu, nyuma yake uwanda wa juu wa Yatta, ile lava iliyoganda ikanyooka karibu kilomita 300, mtu akiangalia anajua hapa ni Tsavo. Uso wa ndovu peke yake ungekuwa popote. Tripodi iache nyumbani, ndani ya gari haina kazi, shonesha kifuko cha kitambaa kigumu ujaze kunde, uweke kwenye dirisha, lenzi ilale hapo.

Ile ya Amboseli ati "mlima siku hizi hauonekani" ni saa tu tena. Kilimanjaro iko pale pale na mita zake 5,895, lakini hewa ikishapata joto mawingu yanaufunika, kwa hivyo uwe tayari jua linapochomoza au ungoje jioni.

Zumu ya simu: ukivuta kupita lenzi zake zenyewe, simu inakata picha na kuipanua. Piga bila kuvuta, utakata mwenyewe baadaye.

Ndovu wekundu si kuediti wala si aina nyingine ya ndovu, ni vumbi la Tsavo wanalojimwagia. Ila kamera ikiachiwa ijipangie rangi yenyewe inaweza kuupunguza ule wekundu, weka setingi ya jua.

Na wanaosema msimu wa mvua hakuna picha, kuna, tena sana. Mvua ikiosha vumbi unaona mbali na mawingu yanapendeza. Wanyama ndio wanatawanyika na nyasi zinawaficha, kwa hivyo nenda kwa ajili ya mandhari. Ukitaka makundi nenda kiangazi, wakijaa kwenye maji kama bwawa la Aruba na mto Galana.

Dereva hana ruhusa kutoka nje ya barabara za mbuga kwa sababu wewe unataka kusogea, tafadhali msiwasukume hawa vijana, faini ni yao na kazi ni yao. Droni pia hairuki bila kibali.

La mwisho, na hili linauma sana sisi watu wa pwani: kamera haiko salama kwa sababu tu imefungiwa kabatini. Unyevu wa Mombasa huotesha kuvu ndani ya vioo vya lenzi. Weka kwenye mkebe unaofunga kabisa, na vile vifuko vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vikichoka, na lenzi uitoe uitumie. Ukiona utando kama nyuzi usifute, uko ndani, mpelekee fundi mapema na uitenge na lenzi zingine.