Usharika hauzaliwi siku ya jiwe la msingi

Kazi yangu ni kuziandikia sharika za Dar es Salaam vitabu vya jubilei, na karibu kila kamati hunijia na mwaka ambao imeshauamua. "Mwalimu, mwaka tuliouanza uko kwenye jiwe la msingi." Wakati huo vitenge vimeshaagizwa, mwaka umeshachapwa mgongoni, nami nimeitwa kupamba tu.

Hii dhana kwamba usharika huzaliwa pamoja na jengo ndiyo inayonichosha kuliko zote. Chukueni Azania Front, kanisa la Kilutheri ambalo kila mgeni wa Kivukoni hulipiga picha. Ujenzi wake ulianza miaka ya mwisho ya karne ya 19. Lakini mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar 1887, ametumwa na chama cha misheni kilichoundwa Berlin mwaka mmoja kabla. Aliukuta mji mdogo: Sultani Majid, aliyeuanzisha miaka ya 1860, alikuwa amefariki 1870 na majumba yake yamebaki magofu. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vikapita hapo katikati. Miongoni mwa waumini wa mwanzo walikuwamo watumwa waliokombolewa, watu wasio na ukoo wa kuwatunzia kumbukumbu. Kisarawe ikafunguliwa 1892, Maneromango 1895, na 1903 chama kingine, Misheni ya Berlin, kikapokea kazi yote. Ukihesabu kwa mawe, muongo mzima wa watu hao umeufuta. Utafuta pia miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoondolewa na walimu Waafrika wakabaki kufundisha na kuzika.

Wapresbiteri nao wana ugonjwa huohuo. Misheni ya Waskoti nchini Kenya ilianza Kibwezi 1891, ikahamia Thogoto 1898. Kanisa la mawe la Thogoto, lile wanaloliita Church of the Torch, lilijengwa takriban miongo mitatu baadaye. Nani atathubutu kusema miongo hiyo mitatu hapakuwa na usharika?

Basi mwaka tuutafute wapi? Kwenye kitabu cha ubatizo. Kifungueni ukurasa wa kwanza: namba, tarehe, jina, wazazi, wasimamizi, aliyebatiza. Hiyo safu ya wasimamizi ndiyo ninayoipenda, maana msimamizi lazima awe Mkristo tayari. Mkikuta mtu yuleyule amesimamia watoto sita mfululizo, huyo ndiye mliyekuwa mkisali barazani kwake, hata kama jina lake halipo kwenye jiwe lolote. Nendeni kwa wajukuu zake, na mgeuze kila picha muone nyuma pameandikwa nini. Msimtume kijana wa kamati mwenye haraka; mtumeni mama mmoja wa kwaya, ataletewa chai na atakaa.

Dhana hizi nyingine nazipitia haraka.

"Wapresbiteri ni Walutheri wa Uskoti." Hapana. Walutheri wana Ungamo la Augsburg la 1530. Waskoti walifanya matengenezo yao 1560 wakifuata Calvin na Knox, na baadaye wakashika Ungamo la Westminster. KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, ina dayosisi na maaskofu. Wapresbiteri hawana askofu: usharika unaongozwa na baraza la wazee pamoja na mchungaji, juu yake presbiteri, yaani baraza la sharika za eneo, juu zaidi Mkutano Mkuu wenye Moderata, yaani mwenyekiti, anayechaguliwa kwa muda. Ila anayesema Wajerumani wa Dar walikuwa Walutheri safi naye apunguze sauti, kwani mfalme wa Prussia alikuwa ameshaunganisha Walutheri na wafuasi wa Calvin katika kanisa moja tangu 1817.

"Waingereza walipoitwaa Tanganyika walituletea Upresbiteri." Serikali haikuleta usharika. Waskoti wa Livingstonia, kutoka Malawi ya leo, waliwatunza waumini wa Kimoravian wa Rungwe baada ya vita, na wamisionari wa Kimoravian waliporudi katikati ya miaka ya 1920 wakawakabidhi kazi yao. Rungwe ikabaki ya Kimoravian hadi leo. Upresbiteri wa Dar una njia zake: upo uliotokana na PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki), jina ambalo kanisa la Kenya limelitumia tangu 1943, na upo wenye mkono wa wamisionari wa Korea Kusini.

"Nyaraka zote ziko Ulaya." Nyingi ziko huko, kweli: za Misheni ya Berlin ziko Berlin, na za Waskoti zimehifadhiwa Edinburgh. Lakini barua za mmisionari kwa wakubwa wake zinaeleza aliyoyaona mmisionari. Muhtasari wa baraza la wazee, daftari la sadaka na orodha ya kipaimara viko kwenye kabati la ofisi yenu, na safari hii mchwa wameanza na rafu ya chini.